Mwalimu Nyerere na Darasa: Kutoka Pugu hadi Kwamsisi

Viongozi wengi wa Afrika walipitia ualimu kabla ya kushika madaraka, lakini ni wachache walioendelea kuitwa kwa jina la kazi hiyo hadi kaburini. Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 na kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999, alifundisha katika shule za sekondari kwa miaka isiyofika saba kwa jumla. Hata hivyo, miaka hiyo michache inaeleza mambo mengi aliyoyafanya baadaye akiwa Rais, na inaeleza pia kwa nini baadhi ya mambo hayo yalimshinda.

Alikuwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, huko Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 aliingia Shule ya Serikali ya Tabora, shule iliyoigiza taratibu za shule za bweni za Kiingereza, na kutoka hapo akaenda Makerere, alikosomea ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Mwaka 1946 alianza kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's, Tabora. Masomo yake yalikuwa historia na baiolojia, jambo ambalo kwa mwalimu wa leo aliyezoea idara zenye walimu kadhaa kila moja linaweza kuonekana la ajabu. Lakini katika shule za wakati ule mwalimu mmoja aliweza kuwa ndiye idara nzima, au hata idara mbili.

Baada ya masomo ya Edinburgh, ambako alipata shahada mwaka 1952, alirejea na kufundisha historia katika shule ya St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Hapa ndipo ugumu wa kazi yake ulipokuwa mkubwa zaidi. Mtihani wa mwisho ulitungwa Cambridge, na mwalimu alipimwa kwa idadi ya wanafunzi waliofaulu mtihani huo. Historia iliyofundishwa ilikuwa zaidi ile ya Ulaya na ya dola ya Waingereza. Mzanaki, Mzigua au Msambaa alitokea pembezoni tu, kama mtu aliyefikiwa na wageni. Nyerere alilazimika kuifundisha historia hiyo darasani, na mwisho wa juma kwenda mjini, umbali wa kilomita zipatazo 20, kushughulikia siasa zilizoikana historia hiyohiyo. Alichaguliwa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika mwezi Aprili 1953, na chama hicho kikageuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwezi Machi 1955, aliporudi kutoka New York alikozungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ilimbidi achague kati ya chaki na chama. Akaacha chaki. Miezi iliyofuata alirudi kwao, na kwa muda alikuwa akiwafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Kwa hiyo mwanafunzi wake wa mwisho wa kawaida alikuwa Mzungu aliyejifunza lugha ya kijijini.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, sekondari zilikuwa chache na zenye kuheshimiwa kupita kiasi. Matokeo yake yalidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza kwa mamia, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Tendo hilo lilikuwa la mwalimu mkali kuliko la mwanasiasa, na si kila mtu alilisifu. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, ulitoka waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja zake zilikuwa nne: kwamba elimu iliyorithiwa iliandaa wachache, iliwatenga watoto na jamii yao, ilifanya vitabu kuwa chimbuko pekee la maarifa, na iliwaondoa vijana wenye nguvu katika uzalishaji. Anayezisoma hoja hizo huku akikumbuka Pugu atatambua kuwa mwandishi alikuwa akiishitaki pia kazi aliyoifanya yeye mwenyewe.

Ni katika Mkoa wa Tanga ambako waraka huo ulijaribiwa kwa makini. Korogwe, mji wa reli, mkonge na Mto Pangani, ulikuwa na chuo cha ualimu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakufunzi wa chuo hicho waliingia katika mradi wa shule ya jamii ya kijiji cha ujamaa cha Kwamsisi. Mbinu yao ilikuwa kugeuza mpangilio wa masomo. Badala ya kuanza na somo, walianza na maisha ya kijiji: kilimo, maji, afya, ushirika. Hesabu, sayansi na lugha vilifundishwa kwa kupitia mambo hayo, na wanakijiji walihesabiwa kuwa sehemu ya shule. Yaliyopatikana huko yaliingizwa baadaye katika mpango mpana uliosaidiwa na Unicef na Unesco, uliojulikana kwa kifupi kama MTUU. Kwa mwalimu mwanafunzi wa Korogwe, hili lilikuwa badiliko kubwa. Alitakiwa aache kuwa mtaalamu wa somo na awe mtaalamu wa mahali.

Hata hivyo, wazazi walikuwa na hesabu yao. Walijua kwamba mtoto aliyefaulu kwenda sekondari angeiondolea familia umaskini, na kwamba mlango wa kwenda huko ulikuwa mtihani wa darasa la saba. Shule iliyofundisha kilimo bora bila kufaulisha ilionekana kwao kuwa njia ya kuwarudisha watoto kwenye jembe ambalo wao wenyewe walitaka kuliacha. Nyerere aliielewa hofu hii lakini hakupata dawa yake.

Katika sekondari, waraka ulifika kwa sura nyingine. Ilianzishwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, na kila shule ikapewa wake. Walimu wa historia walipata muhtasari mpya uliomweka Mwafrika katikati, na hilo pengine ndilo ushindi wa wazi kabisa wa mwalimu wa zamani wa Pugu. Lakini Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipodai elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977, nguvu na walimu vilielekezwa huko, na sekondari zikabaki chache.

Handeni inaonyesha upande ulio mchungu zaidi. Wazigua waliishi katika makazi yaliyotawanyika kwa kufuata maji na ardhi nzuri katika nchi isiyo na mvua za kutegemewa. Walipohimizwa kuhamia vijijini, ahadi mojawapo ilikuwa shule, na kwa kweli shule zilijengwa. Lakini kati ya 1973 na 1976 kuhamia vijijini kulikuwa amri nchini kote, na Mwalimu aliyeandika kwamba ujamaa ni hiari akawa ndiye mkuu wa dola iliyowahamisha watu kwa nguvu. Utafiti wa Michaela von Freyhold kuhusu vijiji vya Tanga, uliochapishwa mwaka 1979, unaonyesha jinsi uamuzi ulivyotoka juu hata pale uliposemekana kuwa ni wa wanakijiji.

Suala la lugha lilibaki bila kumalizwa. Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya pili ikiwa Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, akithibitisha kwamba Kiswahili kinabeba mzigo wowote. Lakini Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, serikali yake haikukubali, naye akatetea kubaki kwa Kiingereza. Mtoto aliyemaliza darasa la saba Handeni au Korogwe aliendelea kuanza kidato cha kwanza kwa lugha asiyoijua. Nyerere mwenyewe, baada ya kustaafu urais mwaka 1985, alitumia sehemu ya muda wake kuzigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, nazo zikachapishwa mwaka 1996.