Harold Storey na Mhogo wa Amani

Apitaye Mama Ngina, Mombasa, wakati wa jioni hukuta mihogo ikikaangwa na kutiwa pilipili na ndimu. Ni walaji wachache wamjuao Harold Haydon Storey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye aliutetea mmea huo.

Storey alianzia Afrika Kusini, ambako alithibitisha kuwa mdudu mdogo ndiye aenezaye ugonjwa wa michirizi ya mahindi. Kisha alihamia kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Wakati huo batobato ilikuwa ikidumaza mihogo, kinga ya mkulima dhidi ya njaa.

Katika miaka ya 1930, yeye na mwenzake Nichols waliuchanganya mhogo na nduguye, mpira, ambao majani yake ndiyo kisamvu cha mpira. Kila spishi ina kromosomu 36. Ndani ya chotara, kromosomu za mhogo na za mpira zilipatana, zikafanya jozi 18. Kwa hiyo chotara hakuwa tasa. Hata hivyo, pamoja na ukinzani alirithi mizizi isiyofaa kuliwa. Ilibidi arudishwe kwa mhogo mara tatu, kizazi baada ya kizazi, hadi mizizi ikanenepa tena.

Storey alifariki mwaka 1969. Mbegu za Amani zilikwisha kufika Nigeria katika miaka ya 1950, na vizazi vyake viliwafaa wakulima wa Uganda batobato kali ilipowavamia katika miaka ya 1990.