Tarishi wa Hauterives na Jumba Lake la Mawe

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa kusini-mashariki, iko wilaya iitwayo Drôme, nayo ni nchi ya vilima, mito midogo na mashamba. Humo ndimo kilimo kijiji cha Hauterives. Si kijiji kikubwa, wala hakina habari za wafalme. Walakini watu hukiendea kwa maelfu kila mwaka kutoka mbali, kwa ajili ya kitu kimoja kilichosimama katika kiwanja kilichokuwa zamani bustani ya mboga. Kitu hicho ni jumba la mawe lisilofanana na jumba lingine lo lote duniani. Aliyelijenga hakuwa fundi, wala hakuwa tajiri. Alikuwa tarishi wa posta, na jina lake Ferdinand Cheval.

Mtu huyu alizaliwa tarehe 19 Aprili, 1836, katika kijiji cha Charmes-sur-l'Herbasse, kisicho mbali na Hauterives. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, nao walikufa wote wawili kabla yeye hajatimiza miaka 20. Shuleni hakukaa sana. Alipopata yapata miaka 13 aliacha masomo akawekwa kujifunza kazi ya kuoka mikate, na hata uzeeni maandiko yake yalikuwa na makosa mengi ya herufi. Twawaambia waalimu jambo hili kusudi, kwa kuwa sisi tufundishao huwa wepesi wa kumpima mtoto kwa daftari lake la imla.

Katika mwaka wa 1858 alimwoa Rosalie Revol. Mtoto wao wa kwanza alikufa angali mchanga, mwaka wa 1865. Wa pili, Cyrille, akaishi. Mikate haikumpa Cheval riziki ya kutosha, akawa mara mwokaji, mara kibarua wa mashamba, hata mwaka wa 1867 akapata kazi katika posta ya serikali. Miaka sita baadaye, yaani 1873, Rosalie naye akafa.

Kazi ya tarishi wa vijijini siku zile ilikuwa kazi ya miguu. Cheval alitoka na mfuko wake wa barua, akapanda vilima na kushuka mabonde, kwenye jua na kwenye theluji, akirudi jioni. Njia yake ilikuwa kama kilomita 32 kila siku. Sisi wa pwani tukitaka kuelewa urefu huo, na tuseme ni karibu nusu ya njia ya kutoka Dar es Salaam hata Bagamoyo. Wala haikuwa safari ya mara moja, bali ya siku kwa siku, miaka nenda miaka rudi. Mtu atembeaye peke yake namna hiyo hana budi kuwaza neno. Wengine huimba, wengine huhesabu hatua. Cheval alijenga nyumba kichwani. Katika magazeti na kadi alizopeleka kwa watu aliona picha za nchi za mbali, mahekalu ya Bara Hindi, misikiti, ngome za kale, miti na wanyama wasiojulikana katika Drôme, na vitu hivyo vyote alivitia katika jumba moja la mawazo, lenye mapango, minara na bustani. Hakumwambia mtu, kwa kuogopa kuchekwa. Miaka ikapita, hata mawazo hayo yakaanza kufifia.

Mwaka wa 1878 alioa mara ya pili. Mke wake aliitwa Claire-Philomène Richaud, na mwaka uliofuata wakazaa binti, wakamwita Alice. Mwaka huo huo wa 1879, katika mwezi wa Aprili, Cheval akiwa na umri wa miaka 43, mguu wake ulijikwaa njiani. Alitaka kujua ni nini kilichokaribia kumwangusha, akainama, akaona jiwe. Lilikuwa jiwe la umbo geni, limelainishwa na kuchongwa na maji kwa zamani nyingi. Akalifunga katika leso yake, akaenda nalo. Kesho yake alirudi mahali pale pale, akaona mengine mazuri kuliko lile la kwanza. Hapo akawaza hivi: ikiwa maji na wakati vimefanya kazi ya kuchonga, basi yeye atafanya kazi ya kujenga. Jiwe lile la kwanza hakulitupa. Aliliweka katika jumba, nalo huonyeshwa hata leo.

Tangu siku ile hakuwa tena na siku ya kupumzika. Kwanza alikuwa akiokota mawe akiwa katika safari ya barua na kuyatia mifukoni, mifuko ikaharibika. Kisha akachukua kapu. Hata kapu likawa dogo, ndipo alipotwaa toroli, yaani gari la mkono lenye gurudumu moja, na toroli hilo likawa rafiki yake wa maisha. Mchana alipokuwa akipeleka barua aliyachagua mawe na kuyakusanya chungu chungu kando ya njia. Jioni, kazi ya serikali ikiisha, alirudi na toroli kwenda kuyachukua. Yaani baada ya kilomita 32 za posta alianza tena safari nyingine, na safari hii akisukuma mzigo. Kisha akajenga usiku kwa nuru ya taa.

Kazi ya uashi hakuwa amefundishwa na mtu. Aliunga mawe yake kwa chokaa na saruji, na penye kuhitaji nguvu akatia nyaya za chuma ndani ya udongo wa saruji, kisha akaufinyanga kwa mikono kama mfinyanzi afanyavyo chungu. Pengine alipamba kuta kwa makombe ya konokono na ya chaza. Alianza na chemchemi na maporomoko ya maji. Chemchemi ikataka pango, na pango likataka jingine, na hivyo upande wa mashariki peke yake ukamshika kwa miaka 20.

Majirani walisemaje? Walisema tarishi wao ameingiwa na wazimu. Tusiwahukumu upesi. Mtu akionekana kila usiku anasukuma mawe, hana mpango wa kuyauza wala wa kujenga ghala, na bustani yake ya mboga inageuka kuwa mapango, kijiji gani kitakachonyamaza? Hata kwetu tusingenyamaza. Lakini kazi yake ya posta hakuiacha, akaishika hata alipopewa pensheni mwaka wa 1896, akiwa na miaka 60. Neno hili twaliona kuwa kubwa. Wako watu wapatao wazo zuri wakalifanya kisingizio cha kuacha wajibu. Tarishi huyu alikula mkate wa serikali kwa haki, na jumba lake akalijenga kwa saa zilizokuwa zake.

Basi jumba lenyewe lina namna hii. Urefu wake ni mita 26, upande wa kaskazini ni mita 14, na wa kusini mita 12. Kwenda juu lapata mita 10. Ukilitazama kwa mbali hujui kama ni jengo au ni mwamba uliota vichaka. Hapana ukuta ulio mtupu: kila mahali pana nguzo, majani, matunda, ndege, wanyama na vinyago vya watu. Upande wa mashariki husimama majitu matatu, marefu na membamba, yenye macho makubwa, kana kwamba ni walinzi wa mlango. Moja ni Kaisari wa Roma, la pili ni Vercingetorix, mkuu wa Wagauli wa kale aliyepigana na Kaisari huyo, na la tatu ni Archimedes, mwenye elimu wa Wayunani. Kwamba adui wawili wamewekwa bega kwa bega kushikilia mnara mmoja, sisi lilitupendeza kuliko mapambo yote. Karibu yao lipo pango la Bikira Maria. Upande wa magharibi kuna hekalu la Kihindi, nyumba ya mbao ya Uswisi iliyofanyizwa kwa mawe, nyumba ya mraba kwa mfano wa ile ya Algeri katika Afrika ya kaskazini, ngome ya kale, na msikiti. Yeye hakupata kuiona hata moja ya nchi hizo za mbali. Ndani, kutoka upande mmoja hata wa pili, hupita ujia mrefu wapata mita 20, nao kuta zake zimejaa sanamu hata katika giza.

Juu ya kuta aliandika maneno mengi, mengine ya hekima, mengine ya kujisifu. Aliandika ya kuwa kazi yote ni ya mtu mmoja, na ya kuwa ilimchukua siku 10,000, saa 93,000 na miaka 33. Mwalimu akiwapa watoto hesabu hii wataona kwamba ni zaidi ya saa 9 za kujenga katika kila siku ya kazi. Kwa miaka aliyokuwa tarishi akitembea kutwa, sisi twaona shida kuikubali yote. Labda aliyehesabu alikuwa mzee aliyechoka. Lakini mawe yapo, na mtu mwingine wa kugawana naye saa hizo hatajwi. Wako waliomlaumu kwa majivuno yake, nasi hatusemi kwamba hakuwa nayo. Ila na tukumbuke kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na mtu mwingine wa kumsifu. Na hakujisifu peke yake: toroli lake alilijengea chumba chake katika jumba, akaandika hapo sifa za chombo kile kilichovumilia naye.

Twafika sasa penye huzuni. Binti yake Alice, aliyezaliwa mwaka ule ule wa jiwe, alikuwa amekua pamoja na jumba. Mwaka wa 1894, akiwa na miaka 15, akafa. Baba mtu alikuwa na miaka 58, na kazi yake ilikuwa haijaisha. Angaliweza kutupa mwiko wake, na hakuna ambaye angalimshangaa. Yeye akajenga nyumba kando ya jumba, akaiita Villa Alicius kwa jina la mtoto wake, kisha akarudi kwenye mawe. Miaka 18 tena alijenga. Mwaka wa 1912 jumba likamalizika, na mwaka huo huo Cyrille, mwanawe wa pekee aliyesalia, akafa. Mwaka wa 1914 akafa Claire-Philomène. Hivyo mzee huyu aliwazika wake wawili na watoto watatu.

Tangu zamani alikuwa na shauri la kuzikwa ndani ya jumba lake, kama wafalme wa Misri walivyozikwa katika majengo yao, na chini yake alikuwa amekwisha kutengeneza mahali pa jeneza. Lakini wenye mamlaka walikataa. Maiti mahali pake ni makaburini, na sheria haikutengenezewa tarishi mlango wa pembeni. Kwa mtu aliyetumia miaka 33 kujenga, naye ana miaka 78, neno hilo lilikuwa kama kuambiwa kwamba ulichojenga si chako. Hatusomi kwamba aligombana sana. Alitwaa kiwanja katika makaburi ya Hauterives, akaanza upya kuchukua mawe kwa toroli. Kwa miaka 8, kutoka 1914 hata 1922, wakati Ulaya ilipokuwa katika vita vikubwa na baada yake, mzee alijenga kaburi kwa namna ile ile ya jumba, la mawe yaliyopindana kama mizizi na nyoka. Akaliita jina la kimya na la pumziko lisilo na mwisho. Alipolimaliza alikuwa na miaka 86. Alikufa tarehe 19 Agosti, 1924, mwenye miaka 88, akazikwa humo.

Siku za mwisho wake wageni walikuwa wamekwisha kuanza kuja, na kadi za picha za jumba lake ziliuzwa. Baada ya kufa kwake walikuja na wakuu wa sanaa. Mwaka wa 1931 alikuja mshairi André Breton, na mwaka wa 1937 Picasso akachora michoro mingi juu ya habari za tarishi huyu. Hata hivyo wengi wa maofisa wa serikali walilidharau jengo hili, wakaliona kuwa kazi mbaya ya mshamba asiye na elimu. Mwaka wa 1969 waziri wa utamaduni, André Malraux, hakuwasikiliza; akaliandikisha katika majengo yalindwayo na taifa la Ufaransa. Mwaka wa 1984 posta, ile ile aliyoitumikia kwa miguu yake, ikatoa stempu yenye picha ya jumba hilo, na matarishi wa Ufaransa wakalichukua katika mifuko yao, nyumba kwa nyumba.