Tingatinga na Mafunzo ya Uchoraji

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa katika miaka ya 1930 huko Tunduru. Hakusomea uchoraji shuleni. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akatunza bustani za watu, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora. Vifaa vya gharama hakuwa navyo. Alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oyster Bay, penye duka la Morogoro Stores.

Tuziangaliapo picha hizo twaona kanuni za bango jema: umbo moja kubwa, nyuma yake rangi tupu, na mipaka iliyo wazi hata kwa atazamaye toka mbali.

Alipopata wanunuzi hakuficha ujuzi wake. Aliwakusanya jamaa na marafiki, miongoni mwao January Linda na Simon Mpata, wakajifunza kwa kutenda kando yake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Hata hivyo wanafunzi wake waliuendeleza ufundi huo, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika chenye jina lake.

Basi, twaona kuwa mwalimu wa Kibingo, mkoani Kagera, hana haja ya kungoja vifaa kutoka mjini. Awape watoto ubao na rangi iliyopo, wachore kibao cha shule yao. Kisha waliokwisha kujua wawafundishe wenzao. Hapo ndipo mchoraji wa mabango aanzapo kazi yake.