Mtakatifu Charles de Foucauld, Mmisionari Asiye na Umati

Tumezoea kuupima uinjilishaji kwa idadi ya waliobatizwa. Kwa kipimo hicho, Mtakatifu Charles de Foucauld, padre Mfaransa, alishindwa. Tangu mwaka 1905 aliishi Tamanrasset, katika jangwa la Sahara, kati ya Watuareg Waislamu, akijifunza lugha yao hata akaitungia kamusi. Waongofu karibu hakuna. Wala shirika alilotamani kulianzisha halikupata mtawa wa kudumu naye. Mwanzoni mwa mwaka 1908 aliugua, akakaribia kufa. Watuareg, wenyewe wakiwa katika ukame na njaa, walimtafutia maziwa ya mbuzi, akapona. Aliyekuja kuhudumia akahudumiwa. Nasi twaona hapo ndipo urafiki wao ulipokomaa. Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916. Ndugu Wadogo wa Yesu, wanaofuata nyayo zake, walianza mwaka 1933.