Sewa Haji, Tajiri wa Misafara

Kila itajwapo Ujiji, watu huwakumbuka Stanley na Livingstone waliokutana huko Novemba 1871. Ni wachache wamkumbukao kijana Mhindi wa Bagamoyo aliyempatia Stanley wapagazi wa safari ile. Jina lake Sewa Haji Paroo, Mwismaili, aliyezaliwa mwaka 1851. Stanley alimshitaki kitabuni mwake kuwa alimpunja. Na kwa hakika utajiri wake ulitoka mabegani mwa wapagazi, waliochukua nguo, shanga na nyaya za shaba mpaka Ziwa Tanganyika, wakarudi na pembe za ndovu.

Lakini tazameni, wasomaji wapenzi, alivyoitumia mali hiyo. Bagamoyo alijenga shule ya ghorofa, akaikabidhi serikali ya Wadachi kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe. Sharti zito kwa nyakati zile! Dar es Salaam alitoa rupia 12,400 ijengwe hospitali ya wasio Wazungu. Alifariki Unguja mwaka 1897, akiwa na miaka 46, naye alikwisha kuusia kwamba mapato ya nyumba na viwanja vyake yaitunze hospitali hiyo, tena yawalishe na kuwavika wenye ukoma. Muhimbili zingaliko wadi ziitwazo kwa jina lake.