Vital Brazil: Daktari aliyepambana na sumu ya nyoka na nge

JINA la Dkt Vital Brazil halitajwi sana nje ya nchi yake, ilhali kila tabibu anayechagua dawa kulingana na aina ya nyoka au nge aliyemdhuru mgonjwa hupita katika njia aliyoifyeka yeye.

Alizaliwa Aprili 28, 1865 mjini Campanha, nchini Brazil, na kuhitimu udaktari jijini Rio de Janeiro mnamo 1891. Akihudumu Botucatu, eneo la mashamba ya kahawa, alipokea vibarua walioumwa na nyoka. Alijaribu mitishamba ya wenyeji, lakini haikufua dafu.

Wakati huo Mfaransa Albert Calmette alikuwa ametengeneza seramu kwa sumu ya swila wa Asia, akiamini ingetibu sumu ya nyoka wote. Vital Brazil aliijaribu dhidi ya sumu ya nyoka wa kwao, isifae kitu. Kumpinga bingwa wa Taasisi ya Pasteur hakukuwa jambo jepesi kwa daktari wa mashambani, lakini majaribio yalimpa haki: kila sumu huhitaji seramu yake.

Mnamo 1901 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Butantan, Sao Paulo. Huko farasi walidungwa sumu kidogo kidogo hadi damu yao ikajenga kinga, na kutokana na damu hiyo seramu ikapatikana. Nyoka wenyewe waliletwa na wakulima, waliowatuma wakiwa hai ndani ya masanduku na kupewa seramu badala yake. Biashara ya haki kabisa. Baadaye taasisi hiyo ilitengeneza pia seramu ya nge.

Namna nge anavyoua ilikuja kufumbuliwa miaka mingi baadaye. Seli za neva zina vijilango vya kupitisha sodiamu, ambavyo hufunguka na kufungika kufumba na kufumbua ili ujumbe usafiri. Sumu ya nge wa manjano wa Brazil ina protini ndogo ambazo baadhi huzuia vijilango hivyo kufungika, na nyingine huvifungua kabla ya wakati. Neva hutuma ishara bila kukoma. Moyo hudunda ovyo, jasho humtiririka mgonjwa na maji huweza kujaa mapafuni. Watoto ndio huathirika zaidi. Seramu huinasa sumu ingali damuni, kwa hivyo kila dakika ina thamani.

Mnamo 1919 aliondoka Butantan na kuanzisha taasisi nyingine mjini Niteroi, ambayo ina jina lake hadi leo. Alifariki jijini Rio de Janeiro Mei 8, 1950, akiwa na umri wa miaka 85.