Leonhard Euler na namba iliyomushinda Fermat
Leonhard Euler, mutoto wa pasta, alizaliwa mu muji wa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Mbele yake, mu 1640, Mufaransa Fermat alisadiki kwamba 4.294.967.297 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini hakuhakikisha.

Mu 1732 Euler, mwenye miaka 25, akiwa kazini Saint Petersburg, Urusi, akaonyesha kosa: ni 641 mara 6.700.417. Baadaye akaeleza njia: gawanya kwa 64, lazima ibaki 1. Hivi, namba za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ya tano tu!

Uzeeni akakuwa kipofu, lakini hakuacha hesabu: yeye anasema, wasaidizi wanaandika, mupaka alipokufa mu 1783.